Nyumba Iliyoipa Barabara Mgongo

Stumai alikuwa na ugonjwa mmoja ambao chuo hakikumtibu: akiona kitu kimekaa kombo, hatulii mpaka ajue kwa nini. Ndiyo maana asubuhi ile watu wa senta moja ya Kitahana walimkuta tena, buti zimejaa vumbi jekundu, amesimama mbele ya nyumba ya mzee Manirambona akiikodolea macho. Tunasema mbele, lakini mbele yenyewe haikuwepo. Nyumba zote za mstari ule zilitazama barabara ya Kibondo, milango wazi, khanga zimeanikwa barazani. Ile moja tu ilikuwa ukuta mtupu wa matofali, hauna mlango wala dirisha, kama mtu aliyesusa.

Na hilo ndilo lililokuwa linamkosesha raha. Mwaka huo wa 2015 senta ilikuwa inapandishwa kuwa mji mdogo, na yeye, afisa mipango miji aliyetokea Lushoto, ndiye aliyepewa kazi ya kuchora ramani. Mkuu wake wa idara, Khatibu, hakuwa mtu wa maneno mengi. Kila nyumba ya mstari wa mbele iwe na mlango unaotazama barabara. Isiyo nao itapigwa X, itavunjwa, na kiwanja atapewa mwingine.

"Mgeni akipita hapa, Tanzania aione usoni," alisema Khatibu. "Kisogo akakione kwao."

Kesho yake angekuja mwenyewe kukagua.

"Weka alama, mama, usijichoshe," alisema Bazilio, mwenye duka la jirani. "Huyo asili yake Burundi. Kule kila mtu na kilima chake, na ua wake mrefu, hataki kuonwa. Cheti cha uraia kapewa mwaka jana, lakini nyumba imegoma kuapa."

Waliokaa barazani wakacheka. Stumai naye akacheka, maana Bazilio ana mdomo mtamu, hilo hakuna wa kulipinga. Halafu moyo ukamsuta. Kama ni mila, mbona hapakuwa na ua? Tena Kagerankanda, alikofanya kazi kabla ya kuhamia huku, alikuwa ameona nyumba nyingi za watu wenye asili ya Burundi, na zote zilitazama barabara bila shida yoyote. Basi akaamua kuzunguka nyuma akajionee.

Alipenya kati ya duka la Bazilio na nyumba ya mzee, akatokea kwenye migomba. Pale akageuka kulitazama lile duka kwa nyuma, na miguu ikagoma kuendelea. Katikati ya ukuta wa zamani palikuwa na umbo la mlango uliozibwa kwa matofali ya rangi nyingine, na ubao wa juu wa fremu ulikuwa bado umo ukutani. Akaenda nyumba ya pili. Kovu lile lile. Akaufuata mstari mzima, na kila nyumba kuukuu ilikuwa na mlango uliozibwa huku nyuma. Akainama kutazama bondeni. Chini kidogo ya migomba kulikuwa na ukanda wa nyasi uliosawazishwa, upana wa kupitisha lori, na kando yake mfereji uliojengewa mawe.

Mzee Manirambona alikuwa ameketi mlangoni kwake, anautazama huo ukanda, na mkewe Vestina anapukuchua maharage.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," alisema Vestina, akamsogezea kigoda. "Karibu mbele. Wengi wanaishia nyuma."

"Baba, barabara ilikuwa inapita hapa?"

"Ego, ilikuwa hapa," mzee akaitikia. Akamweleza taratibu. Alikuja mwaka sabini na mbili, kijana, amekimbia vita. Miaka michache baadaye ikaja operesheni ya vijiji, na bwana wa serikali akafika na kamba na vigingi, akawapanga wote mstari mmoja, Waha wenyewe pamoja na waliokuja wakikimbia. "Akaniambia, mlango wako hapa, utazame barabara. Mwanzoni niliona haya, ninakula jirani ananiona. Kwetu tulizoea ua. Baadaye nikaona jambo. Mtu akipita, hajui nani Muha, nani mkimbizi. Milango yote inafanana. Ilikuwa mara yangu ya kwanza huku kufanana na watu."

"Na barabara ilipohamishwa juu?"

"Huku maji yalituama kila masika. Ikahamishwa, na wenzangu wakapasua kuta. Mimi sikupasua. Ni leta iliyonionyesha mlango." Leta ndiyo serikali, kwa lugha ya kwao. "Haikurudi kuniambia vingine. Mwaka ule wakimbizi walipokusanywa vijijini kupelekwa makambini, askari aliniuliza, nani kakuruhusu kukaa hapa? Nikamwonyesha mlango wangu, nikamwambia ni serikali. Majirani wakasema ni kweli. Akaniacha. Sasa mlango kama huo, mama, utaubadilisha kwa kichwa chako mwenyewe?" Akanyoosha kidole kwenye nyumba za jirani. "Wanasema nimewageuzia mgongo. Mimi sijageuka. Waliogeuka ni wao."

Stumai aliona aibu kwa kile kicheko cha barazani. Lakini kuficha isingesaidia, akasema ukweli wote: kesho mkuu atafika, na nyumba isiyo na mlango barabarani itapigwa X.

"Leta imesema hivyo?"

"Imesema, baba."

Mzee akasimama palepale. "Basi nionyeshe mahali. Niwekee alama, nipasue leo."

Akasimama anangoja, mikono nyuma, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Stumai alipandwa na hasira, asijue amkasirikie nani. Kumwonyesha ilikuwa rahisi, ni kunyoosha kidole tu.

"Sikuonyeshi," akasema. "Wewe ni raia. Sheria inataka mlango uwepo upande wa barabara, basi. Pa kuuweka ni uamuzi wako. Unataka uwe wapi?"

Mzee akautazama ukuta, akatazama migomba. Mwisho akamgeukia mkewe amsaidie, lakini kigoda cha Vestina kilikuwa kitupu na maharage yameachwa kwenye ungo.

Wakasikia kishindo upande wa barabarani, wakazunguka haraka. Bazilio na wenzake wote walikuwa wamesimama. Kwenye ule ukuta mtupu ulikuwa umechorwa mlango kwa mkaa, mpana, na dirisha pembeni yake, na Vestina alikuwa ameshika mtaimbo, anachokonoa udongo katikati ya matofali.

"Hapa," alisema bila kugeuka. "Pananifaa kuuzia maharage. Nimepachagua tangu binti yetu Evaline ananyonya, na Evaline sasa ana watoto wanne. Nilikuwa nangoja mtu aulize."

Manirambona akanyoosha mkono apokee mtaimbo. Vestina hakumpa.