Kikao cha Samaki wa Ijumaa

Ijumaa jioni mji wote wa Alder Creek, jimbo la Wisconsin, huwa kwenye baa ukila samaki wa kukaanga. Darlene Wojcik, mhudumu, alikuwa amebeba sahani alipowasikia wajumbe watatu wa bodi ya shule, kati ya watano, wakiamua mambo ya umma huku midomo inang'aa mafuta.

"Basi shule tunaifunga," alisema mwenyekiti, Gordon Thiede. "Wanaokubali?"

Uma tatu zikanyanyuka.

Darlene nusura awamwagie kabichi. Binti yake Kelsey, miaka saba, ana kifafa. Shule iko ng'ambo ya barabara. Akianguka, mama anafika mbio. Shule nyingine ni saa nzima kwa basi.

"Bwana Thiede, hiki ni kikao au chakula?"

"Samaki tu, mama. Ongeza limau."

Lakini sheria ya jimbo iko wazi: wajumbe wanaotosha kuamua wakijadili kazi yao, hicho ni kikao. Tangazo libandikwe siku moja kabla, na mlango uwe wazi. Darlene akaandika yote kwenye kijitabu chake cha oda, chini ya "limau zaidi," akaenda mahakamani. Jaji alisoma, akacheka mpaka miwani ikamteleza, akafuta uamuzi.

"Mkaanze upya," aliwaambia. "Safari hii bila uma."

Watu walimnunulia Darlene bia hadi akamsahau mama mkwe wake, raha ambayo hakuwahi kuipata. Zamani alipita kila asubuhi kusoma matangazo mlangoni pa bodi. Sasa akaacha. Ameshinda, asome nini?

Ikafika Jumamosi ya kwanza ya msimu wa kuwinda paa, siku ambayo mjini hubaki paka na wagonjwa. Darlene alikuwa juu ya mti akivizia paa, makalio yameganda, dada yake alipopiga simu.

"Bodi imekutana. Tatu kwa mbili. Shule imefungwa."

"Na tangazo?"

"Liko mlangoni tangu juzi."

Alimkuta Thiede akifunga ofisi, kavaa kizibao cha kuwindia.

"Umetuvizia, mwizi wewe!"

"Nimefuata sheria uliyonifundisha mwenyewe. Mlango ulikuwa wazi, mama. Theluji iliingia. Wewe hukuingia."

Jumatatu alimvika Kelsey bangili yenye namba yake ya simu, akampandisha basi. Kisha akaenda kusoma mlango. Huusoma kila siku sasa, hata Krismasi. Wewe wa kwenu uliusoma lini?