Sare ya Namba Mia Nne Kumi na Saba

Kadi za mwaliko zilisema saa tatu asubuhi. Saa tano na robo Redio alikuwa bado amesimama nyuma ya pazia la ukumbi wa chuo, amevaa sare ya askari wa mji, kola inamkata shingo, na kiti cha mgeni rasmi kiko kitupu na chupa yake ya maji mbele.

Redio si jina alilopewa na wazazi. Wenzake walimbandika mwaka wa kwanza kwa sababu ya sauti yake, maana binti huyo akisema "habari zenu" bwenini, chuo kizima kinaitikia "nzuri".

Tamthilia yenyewe ilikuwa ya dakika arobaini, mtihani wa vitendo wa mwaka wa pili. Yeye alicheza askari anayewafukuza wachuuzi sokoni. Mwalimu wao wa maigizo aliwaambia mapema kwamba vazi lina alama thelathini, na hatoi alama kwa nguo za kuungaunga. Zamani chuo kilikuwa na stoo ya mavazi. Naibu mkuu wa chuo alipotaka ofisi ya pili, mavazi yakatiwa kwenye magunia na panya wakajisevia. Basi kila mwanafunzi akaambiwa ajue lake, na Redio alijua lake: mjomba wake, aliyemlea tangu mama yake afariki, alikuwa askari wa mji.

"Zamu yangu inaanza saa sita," mjomba alimwambia jana yake, akimkabidhi sare iliyopigwa pasi ikanyooka. "Nyie mnamaliza saa nne. Saa tano nikuone mlangoni. Na kirungu usikishike kama mwiko, watu watakucheka."

Sasa Redio alimfuata mwalimu kwenye ngazi za jukwaa.

"Mwalimu, naomba nikimbie nyumbani mara moja. Hii sare ni ya mtu, anaihitaji kazini."

"Mgeni yuko njiani."

"Yuko njiani tangu saa tatu, mwalimu."

"Nisikilize. Atakayetoka ukumbini kabla mgeni hajafika namwandikia sifuri, na mwaka mzima anarudia. Si maneno yangu hayo, ni ya ofisi." Alipotaja ofisi alishusha sauti, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Redio akapiga simu. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nakuja."

Saa sita kasoro dakika kumi alitokea mlango wa nyuma na shati lake la nyumbani, kijasho kinamtoka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Vua haraka."

Redio alikuwa kwenye kifungo cha pili mwalimu alipoingia. "Akivua, namfuta kwenye orodha."

Kule sokoni wachuuzi hukusanya vitu vyao wakisikia tu kikohozi cha mjomba. Hapa aliangalia viatu vyake. "Mwalimu wangu, mimi ni mtu wa kazi. Majina yanaitwa saa sita kamili."

"Hata mimi niko kazini, mzee wangu."

Mjomba akakaa juu ya sanduku la vifaa na kuitazama saa yake. Mshale ulipopita saa sita, akashusha pumzi.

"Basi. Wameshaita."

"Nivue, mjomba?"

"Ili iweje? Tukose wote wawili? Cheza, mama. Nitasema niliumwa, wataniandikia barua ya onyo. Barua haiui mtu." Kisha akaigusa namba iliyodariziwa kifuani mwa sare. "Ila hii ndiyo mbaya. Kukosa zamu ni onyo. Ikionekana namba yangu kwa mtu mwingine, kazi imekwisha siku hiyohiyo."

"Tuifunike na kitambaa," Redio akamwambia mwalimu.

"Sare bila namba ni sare gani? Iacheni. Mgeni anatoka wizarani, ataijulia wapi?"

Mgeni aliingia saa saba na nusu, ving'ora vikimtangulia. Wa wizarani alipata udhuru, akatuma mwakilishi. Mjomba alichungulia kwenye upenyo wa pazia na kurudi nyuma hatua mbili.

"Ni mkurugenzi wa mji," alisema. "Saini yake ndiyo iko kwenye barua zetu zote."

Lakini pazia lilikuwa limeshafunguliwa.

Alicheza vizuri, na hilo lilimuuma baadaye kuliko yote. Hofu ilimpa ukali ambao mazoezi ya miezi mitatu hayakumpa. Alipopiga teke beseni la nyanya, likabiringika mpaka ukingo wa jukwaa, mkurugenzi alicheka hadi akajifuta machozi. Redio akarudi nyuma ya pazia akihema.

"Mimi sijawahi kupiga teke beseni la mtu," mjomba alinong'ona. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mchezo ulipokwisha waigizaji wote walipangwa mstari jukwaani kumngoja mgeni, na hakuna aliyeruhusiwa kuteremka. Mkurugenzi akapanda, akashika kipaza sauti.

"Mnisamehe kwa kuchelewa. Nilipitia kwanza kukagua askari wangu, maana nidhamu inaanzia nyumbani. Mmoja hakutokea, na hakuna anayejua alipo. Namba mia nne kumi na saba. Nimeiweka kichwani hiyo."

Akatua kidogo, na kwa kuwa ametua, watu wakapiga makofi.

Redio aliweka kiganja cha kushoto kifuani, juu ya namba, akainamisha kichwa kama mtu aliyeguswa na hotuba. Mkurugenzi akaanza kupeana mikono na waigizaji. Alipofika kwake akacheka.

"Na huyu askari wangu! Umenifurahisha wewe. Njoo tupige picha."

Mpiga picha akapiga goti. "Dada, shusha huo mkono, sare ionekane."

Mkono haukushuka.

"Shusha, mwanangu," mkurugenzi alisema, bado anatabasamu.

"Shusha mkono!" mwalimu alifoka kutoka chini, karatasi ya alama mkononi.

"Sishushi."

Alitaka kulisema polepole, lakini sauti ilikuwa ileile ya kwake, ikafika mpaka viti vya nyuma. Mkurugenzi akaacha kutabasamu. Mwalimu akafungua kalamu na kuutafuta mstari wa jina lake, na Redio akamwona anaupata.

Ndipo pazia likasogea. Mjomba akatoka na shati lake la nyumbani, akasimama wima, mikono ubavuni.

"Mwache mtoto, mheshimiwa. Mia nne kumi na saba ni mimi. Nipo."

Kwanza aliguna mtu mmoja, halafu ukumbi mzima ukalipuka. Walidhani ni mchezo unaendelea. Wanafunzi wakapanda juu ya viti, wakapiga miluzi, wakapiga makofi mpaka mabati yakaitika. Redio akashusha mkono. Mkurugenzi aliisoma namba ile bila haraka, tarakimu moja moja, kisha akamgeukia msaidizi wake na kumwambia aandike.

Makofi hayakukoma. Mjomba akawatazama watu wale wote, kisha, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, akawainamia.