Jiko la Ofisini

Mwezi wa sita Karatu baridi haina adabu. Hanifa aliweka vidole kwenye kibodi, akavitoa, akavipachika kwapani. Mara tatu alijaribu kuandika jina la mgeni mmoja Mjerumani, na mara zote tatu likatoka kombo. Cresensia, msimamizi wake, alimwona akihangaika. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa soksi jozi mbili na kujifunga shuka la mumewe mabegani.

Ofisi yao ilikuwa kontena, lile lile la kubebea mizigo melini, limepakwa kijani na kuchorwa twiga ubavuni, likatupwa pembeni ya yadi ya magari ya watalii. Mlango mmoja, dirisha hakuna. Fundi alikuwa ametoboa matundu manne ukutani ili hewa ipite, na upepo wa msitu wa juu ukawa unaingilia humo humo na kuwakata shingo. Mwaka uliopita wasichana wa ofisi waliyaziba kwa vipeperushi vya bei za msimu uliokwisha. Cresensia aliwaona. Aliwashikia hata kiti wasianguke.

Jiko la mkaa lilikuwa zawadi ya meneja, Bwana Emilian. Cresensia alikuwa ameomba hita ya umeme kwa barua, akaomba na dirisha. Akajibiwa kwamba hita inamaliza umeme na dirisha linaita wezi. Wiki iliyofuata Emilian akatuma jiko na gunia la mkaa, akasema na watu wa ofisi wapate joto, yeye si mtu mbaya. Jiko likakaa karibu na miguu ya Hanifa.

Sasa, cheo cha Cresensia kilikuwa kimeongezewa maneno mawili, "na Usalama", bila kuongezewa kingine chochote. Kila mwisho wa mwezi alijaza fomu. Hakuna moto wa wazi ofisini: ndiyo au hapana. Hewa inapita vizuri: ndiyo au hapana. Mara ya kwanza aliweka hapana, na fomu ikarudi siku hiyo hiyo, Emilian ameandika juu yake kwa kalamu nyekundu, "Rekebisha." Akarekebisha. Mara ya pili hakusubiri kuambiwa. Mkaguzi alipokuja, ni Cresensia aliyelibeba jiko hadi nyuma ya choo na kulifunika kwa karai, na mkaguzi alipoondoka ni yeye aliyelirudisha.

Asubuhi hiyo aliitwa kwa meneja kupeleka ratiba. Kabla hajatoka alimwambia Hanifa, aliyebaki peke yake, afunge mlango, vumbi lisiingie kwenye mashine. Alisema hivyo kwa mdomo wake. Akakaa kwa Emilian saa mbili nzima, kwenye jengo la matofali lenye dohani, kuni za mgunga zikiwaka vizuri.

Aliyemkuta Hanifa ni dereva, Simel, aliyeingia kuchukua vibali vya wageni. Msichana alikuwa amelaza shavu juu ya kibodi na kioo cha kompyuta kimejaa herufi moja. Simel akamtania kwamba mshahara wa kulala ni mzuri. Halafu akamgusa.

Hanifa alizinduka hospitalini siku ya tatu. Alimtazama mama yake, Mwanamwema, anayeuza vitenge sokoni, akamwita dada. Mikono ilimtetemeka, kijiko kikawa hakifiki mdomoni. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Daktari alisema hewa ya mkaa imeumiza ubongo, lakini kuna matibabu na mazoezi kwenye hospitali kubwa Moshi, yakianza mapema anaweza kurudiwa na mengi. Na kwa kuwa ameumia kazini, mfuko wa fidia utabeba kila kitu, mradi mwajiri ajaze karatasi. Kati ya karatasi hizo, moja ni maelezo ya msimamizi.

Emilian alikuwa ameshamwandikia Cresensia maelezo hayo. Alimwita, akamwagizia chai, akasukuma karatasi mbele yake. Ilikuwa kwa Kiingereza. Ilisema mfanyakazi alileta jiko kutoka kwao, akaliwasha kwa siri, na msimamizi wake alikuwa amemkataza mara nyingi.

"Jiko ulileta wewe, bosi," Cresensia alisema.

"Nani alisaini kwamba halipo?"

Akafungua faili. Fomu za miezi kumi na sita zilikuwa humo, zimepangwa vizuri, ndiyo juu ya ndiyo, na chini ya kila moja sahihi ya Cresensia.

"Mimi nakaa huku," Emilian alisema. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Mnayofanya kule kwenye kontena nitajuaje? Ndiyo maana nikaweka msimamizi. Ama yule binti alikuficha, ama ulikuwa unaona ukamwacha. Hilo la pili lina kesi ndani yake. Una watoto wangapi vile?"

"Watatu."

"Haya."

Cresensia aliogopa, wala tusimtafutie neno jingine. Aliogopa mahabusu, aliogopa kurudi kijijini kwao Daa kupalilia maharage ya watu akiwa na cheti chake cha chuo. Alimfikiria Hanifa pia, kwa muda mfupi, kisha akajizuia kumfikiria. Akasaini. Emilian akamkumbusha kwamba chai inapoa, naye akainywa yote, tena akasema asante.

Wiki ya sita Mwanamwema alimfuata Cresensia nyumbani jioni, ameshika bahasha. Alipokelewa kwa shikamoo na kiti. Akaeleza kwamba barua ya mfuko imefika, lakini wameandika Kiingereza, na yeye shule yake iliishia Kiswahili. Watu wa sokoni walitaka kumsomea, akawakatalia. Mambo ya mwanawe hayasomwi mbele ya wanunuzi.

Cresensia akasoma kimya. Ombi limekataliwa. Kwa mujibu wa maelezo ya msimamizi, mfanyakazi alijidhuru kwa kukaidi amri kwa makusudi. Jina la msimamizi lilikuwa mstari wa tatu, majina yake yote mawili, herufi hazina hata kosa. Mwisho walisema asiyeridhika alete pingamizi ndani ya siku thelathini.

"Nimeliona jina lako hapo," Mwanamwema alisema. "Hilo nimelisoma mwenyewe. Nikamwambia Hanifa, unaona, dada yako ametupigania."

Cresensia alikuwa na nafasi ya kusema. Alikuwa nayo nzima, mama wa watu amekaa mbele yake anamtazama mdomoni, na siku thelathini zote bado zipo.

"Wanasemaje, mwanangu?"

"Wanalishughulikia, mama. Msubiri tu. Mtaitwa."

"Tutaitwa wapi?"

"Ofisini."

Mwanamwema alimshika mikono yote miwili, akamwombea kwa Mungu, yeye na wanawe mmoja mmoja kwa majina. Akatoa kitenge kipya kwenye mfuko. Cresensia alikataa, akalazimishwa, akakipokea.

Kesho yake saa mbili asubuhi walikuwa wamefika. Mama hakutaka waitwe wakakosekana. Alimkalisha Hanifa kwenye benchi nje ya kontena, sweta mbili na skafu, akakaa naye mpaka saa sita ndipo akaondoka naye kwenda kufungua biashara. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Cresensia aliwapita kila asubuhi, akawaamkia, akaulizwa kama kuna neno, akajibu bado. Siku ya thelathini iliangukia Alhamisi. Alijifungia chooni akalia, kisha akanawa uso na kurudi kazini.

Ofisi yenyewe ilikuwa imebadilika. Wakala wa Ulaya anayewaletea wageni alikuwa ametangaza kuja kukagua, basi ndani ya wiki moja dirisha likakatwa na hita mbili zikaletwa. Goodness, msichana mpya, alikaa kwenye kiti cha Hanifa akiandika kwa vidole vyepesi.

Asubuhi ya ukaguzi Emilian alisimama mlangoni, akatazama benchi.

"Hawa nao?"

Cresensia akasema ni Hanifa na mama yake, wanasubiri.

"Wanasubiri nini?"

Cresensia akainamia viatu vyake. Emilian akamwangalia kidogo, akaelewa, na akatabasamu.

"Benchi liko kwenye njia ya dharura," alisema. "Iko kwenye fomu yako mwenyewe, njia iwe wazi muda wote. Wewe si ndiye wa usalama? Waondoe, na wasirudi. Halafu uweke ndiyo."

Akamkabidhi fomu na kalamu. Cresensia akatoka. Toka mlangoni hadi benchini ni hatua nane, na alizitembea polepole kadiri alivyoweza. Mwanamwema alimwona anakuja na karatasi mkononi. Akasimama haraka, akakaza khanga kiunoni, akamfuta mwanawe mate kidevuni kwa ncha ya mtandio, kisha akamshika chini ya makwapa na kumnyanyua.

"Simama, Hanifa," alisema. "Simama mwanangu, tumeitwa."