Kifua cha Kinyozi

Asubuhi vikwazo vya biashara vya nchi za nje vilipoanza, kinyozi alimaliza chai yake, akachukua mkoba wa mikasi, akaelekea kazini. Mlangoni akagota. Mguu ulitoka, mikono ikatoka, kifua kikabaki ndani. Akajaribu kwa ubavu. Kifua kikakataa.

"Ni hicho kibetri cha moyo walichokupandikiza kifuani," mkewe alisema huku akifagia. "Si kimetengenezwa kwa hao waliotuwekea vikwazo? Redioni wamesema bidhaa zao zisiingie wala zisitoke."

"Basi nisogezee kiti dirishani."

Tangu hapo akawa ananyolea nyumbani. Mteja alisimama barabarani, akaingiza kichwa dirishani, kiwiliwili kikabaki juani. Siku moja muuza mkaa alipita akazaba kofi makalio aliyodhani ni ya shemeji yake. Yalikuwa ya mwalimu mkuu.

Kinyozi hakulalamika. Yeye mwenyewe aliandamana kudai vikwazo hivyo. Mdogo wake, dereva wa lori, aliuawa na bomu la jeshi sokoni, na kinyozi aliamini kwamba serikali inayoua watu wake haifai kuuziwa hata sindano. Bado aliamini hivyo.

Daktari alikuja, akamsikiliza kifua.

"Betri inakwisha, bwana. Mpya ipo mpakani. Vifaa vya hospitali vimeruhusiwa, ila hakuna benki inayothubutu kupitisha malipo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo usibebe vitu vizito. Na usipande ngazi."

"Ngazi, daktari? Mimi hata kizingiti kimenishinda!"

Wakacheka wote watatu, mke akiwa wa kwanza kunyamaza.

Wiki iliyofuata alikuja Kanali, yule aliyeamuru bomu lirushwe. Hakuwa mtu wa kuinama dirishani, akaingia kwa mlango. Akavua shati lisiingie nywele. Chini ya bega la kushoto alikuwa na kovu, na chini ya kovu kitu kidogo cha mviringo kilichoinua ngozi. Kinyozi alikitambua. Naye alikuwa nacho kama hicho.

"Cha lini hicho, mheshimiwa?"

"Mwezi jana. Nilikwenda kuwekewa kulekule kinakotengenezwa."

"Na mlango haukukukatalia?"

"Mlango gani?" Kanali aliuliza, na alikuwa anauliza kweli.

Kinyozi akamnyoa vizuri, bila kumkwaruza. Mkewe alisimama kando na birika la maji ya moto mpaka yakapoa. Kanali akajitazama kwenye kioo, akaridhika, akatoka. Kinyozi akamfuata kwa nyuma, na kifua kikagonga palepale.

"Vikwazo vyenu vimekosea mtu," mkewe alisema.

"Vimekosea. Lakini nikivikana, atakayeshangilia ni huyu."

"Na ukifa, mume wangu? Tutakutoaje humu?"

Kinyozi hakuwa amelifikiria hilo. Wakatazama sakafu pamoja. Kati ya kitanda na ukuta palitosha mtu wa kimo chake, kama kabati lingesogezwa.

"Ungependa kichwa kielekee dirishani?"

"Dirishani ni pazuri. Nitasikia umbea."

Mkewe akafunga kanga kiunoni, akalisukuma kabati peke yake, kwa kuwa daktari alikuwa amemkataza mumewe vitu vizito.