Ringi za Kushukia Mwika

Mimi sina ulimi wa kubembeleza, na mdogo wangu Ezra anajua. Asubuhi ile ya mashindano ya baiskeli, uani kwetu mtaa wa Soweto, nilimwambia wazi: "Hizo ringi za kaboni hushuki nazo mteremko wa Mwika. Ng'o!"

"Dada, nikipanda na zile nzito za alumini, wenzangu nitawaona migongo tu," akasema. "Leo yupo wakala wa timu ya Ulaya. Anachukua mmoja."

Alisema kweli, na ukweli wake ndio ulioniudhi. Mimi ndiye fundi wa timu yao. Najua kaboni ni nyepesi, na mlimani wepesi ndio kila kitu. Lakini kupanda kuna kushuka. Breki za baiskeli zetu zinabana ringi yenyewe, na ukizibana muda mrefu mteremkoni, kaboni inapata moto hadi tairi linapasuka. Ndivyo alivyokufa Jovin, mwenzao, kwenye kona za Mwika. Tumemzika juzijuzi tu kihambani kwao, kwenye shamba la ukoo. Alumini ni nzito, lakini inavumilia joto.

"Jovin alibana breki vibaya," Ezra akasema.

"Sikio la kufa halisikii dawa!" nikafoka. Nilitaka kumchapa. Nilitaka pia kulia, maana mama alituacha wawili tu, na huyu nimembeba mgongoni.

Kocha Valerian akaingia kati. "Loveness, mwache mwenzio. Ni mtu mzima."

Nikatoka hadi mpakani mwa kiwanja, mama alikopanda mimea ya isale. Nikakata jani, nikalipiga fundo, nikarudi nikampa Ezra kwa mikono miwili mbele ya timu nzima. Kwa sisi Wachagga, hata aliyemwaga damu akija na isale husamehewa. Ukiombwa kwa jani hilo, hukatai. Ezra alilitazama jani, akalipokea.

"Haya. Funga alumini," akasema.

Nikafunga. Alipigana mlima ule jamani, sijapata kumwona akipigana vile, lakini wenye kaboni walimwacha kabla hawajafika juu. Mvua tuliyoiogopa, maana ringi ya kaboni ikilowa breki hazishiki, haikunyesha. Wote walishuka salama, hakuna tairi lililopasuka. Ezra akawa wa sita, na wakala akaondoka na kijana wa Arusha.

Jioni nilimpelekea mtori wa ndizi chumbani. Hakuugusa.

"Ungeniomba kwa mdomo, dada."

"Nilikuomba! Ukakataa."

"Basi ungeniacha nikatae. Ilikuwa haki yangu."

"Ulitaka nikuzike na wewe?"

"Nilitaka nichague mwenyewe," akasema, sauti yake imepoa kabisa. Nikachukua bakuli la mtori, nikatoka.

Wiki ile ile alihamia Sanya Juu kwa baba mdogo, kulima viazi. Baiskeli hakuichukua. Aliniaga kwa adabu zote, akanishukuru kwa kumlea, na adabu ile iliniuma kuliko kama angenitukana. Simu zangu anapokea. Ananiambia viazi vimestawi, ananiuliza afya yangu, anakata.

Watu husema muda utamrudisha. Huenda. Mimi ninachokijua ni kwamba nikimpigia, anapokea mtu aliye hai. Na Mungu anisamehe, siku ile ingerudi, ningemfungia alumini tena.