Mashua ya Uani

Ngari wa Kanja ndiye pekee katika mteremko wetu aliyekuwa na mashua, na ndiye pekee aliyeamini kwamba mashua hupendeza zaidi nchi kavu. Kila Jumamosi aliivuta kwa gari lake, juu ya trela, hadi bwawani, huko chini Mbeere; jioni yake aliirudisha, akipunguza mwendo mbele ya kanisa ingawa hapakuwa na tuta. Kisha aliiegesha katikati ya ua, mahali pekee penye jua la kuanikia mahindi.

Mahindi yalikuwa ya mkewe, Wambeti. Msimu uliopita yaliota ukungu akayatupa yote. Hata kuku hakuwapa. Sasa mavuno mapya yalikuwa magunini, hayajakauka.

"Baba Linda, iache huko bwawani," alisema. "Njuki mvuvi hufunga zake majini na hazijayeyuka."

"Njuki!" Ngari alicheka puani. "Vidau vyake vimeota ndevu za kijani. Mashua ya kulala majini ni kama ng'ombe asiye na zizi."

"Na huyu wako ni ng'ombe gani? Anakula ua wangu wote na hakamuliwi."

Ngari alimtazama kwa ile huruma ambayo wenye mali huwapa wasio nayo, akaenda zake. Wambeti alitia mkono guniani. Punje zilikuwa na joto, kama paji la uso la mgonjwa.

Ijumaa kulikuwa na dalili ya mvua. Ili maji yasituame ndani ya mashua, Ngari alichomoa kizibo cha mpira kilichoziba tundu la nyuma, akakiacha kwenye kizingiti cha jikoni. Kesho yake walifika Muchangi na Kiogora, wazee wa kanisa, wamevaa suti kwa ajili ya matembezi ya majini. Wambeti aliagizwa abebe uji. Mtungi ulikuwa umepoteza kifuniko. Akaona kile kipande cha mpira, akakijaribu, kikaenea barabara. Hakujua ni cha nini. Hakuwahi kuruhusiwa kuigusa mashua.

Bwawani, Njuki alikuwa ameketi katika kidau chake kilichofungwa kwenye kisiki.

"Mzee, nyuma umeziba?"

"Wewe vua samaki wako," Ngari alimjibu bila kugeuka.

Hawakufika mbali. Muchangi alitazama viatu vyake.

"Ngari, haya maji ni ya kawaida?"

"Ni umande."

"Umande umefika kwenye soksi, ndugu yangu."

Ulipofika magotini, Njuki aliwafuata na kuwapokea mmoja mmoja, na mashua ikakaa chini ya bwawa, pua tu ikichungulia. Ufukoni Wambeti aliwamiminia uji. Ngari alikitazama kizibo mkononi mwa mkewe.

"Hicho umekitoa wapi?"

"Jikoni, ulikokiacha." Alitazama ile pua majini, kisha kizibo, akaelewa. "Basi baki uchunge ng'ombe wako. Mzee Kiogora, utatuendeshea gari?"

Trela ilirudi nyumbani Kanja tupu, ikaegeshwa nje ya lango. Kabla ya saa nane mahindi yalikuwa yametandazwa ua mzima.

Jioni Ngari alirejea kwa pikipiki, akapita mbele ya kanisa bila kupunguza mwendo. Langoni alisimama kidogo. Kisha akazunguka akiambaa na ukuta, viatu vyenye maji mkononi, asikanyage punje hata moja.