Kiti cha Kijani na Wavuta Vepu

Hebu niambie, mtu usiyemjua akikutukana, halafu katikati ya matusi akakuonya usije ukaanguka, utamwita adui?

Mimi nilijiuliza hivyo nikiwa na miwani usoni na simu ya mjukuu wangu mkononi, nasoma maoni ya watu chini ya video zake. Nasoma polepole, kwa kidole, kama tulivyofundishwa shule ya msingi, wala sirukii neno. Mjukuu huniambia, "Bibi, achana nayo hayo, ni matusi tu." Nami humjibu, "Mtu kakaa chini akaandika, acha asomwe."

Mjukuu huyu ni mtoto wa binti yangu, na sisi tunamwita Kipaza kwa sababu alizaliwa na sauti ya kuamsha mtaa. Ni muuguzi wa zahanati. Jioni akirudi huoga, hukalia kiti cha kijani cha marehemu babu yake pale sebuleni, huegemeza simu kwenye kopo la maziwa ya unga, na huzungumza na vijana juu ya vepu, zile sigara za umeme zinazotoa mvuke wenye harufu ya matunda. Alianza siku alipoletewa msichana wa shule anayetetemeka mikono, hawezi kumaliza kipindi bila kutoka kwenda kuvuta. Kipaza hatishi mtu. Anaeleza nikotini inavyomshika binadamu, na anayetaka kuacha aende wapi, na aliyeacha humpa hongera yake hadharani. Hata mimi nisiyevuta kitu husikiliza mpaka chai inapoa.

Watazamaji wakaongezeka, na mama mmoja wa mfuko wa kufadhili elimu ya afya akampigia simu. Wangemnunulia taa na kumlipia muda wake. Taa ikaja, sebule yangu ikang'aa kama chumba cha upasuaji, hata utando wa buibui niliokuwa siujui nikauona.

Wavuta vepu, wenye kundi lao la mtandaoni, nao wakaiona taa. "Nani anakulipa?" "Mdomo wa kukodi huo." Lakini wamo waungwana pia. Mmoja aliandika, "Dada, mimi nilivuta sigara tangu ujana, vepu ndiyo iliyonitoa huko. Mbona watu kama sisi hututaji?" Huyo nilimsoma mara mbili.

Nyumbani kwangu lilikuwepo pengo jingine. Mwanangu wa kiume, mjomba wake Kipaza, ni fundi wa makochi, na anavuta vepu. Tangu video zile zianze, alikuwa haji tena kula Jumapili. Sahani yake naiweka mezani, naiondoa safi vilevile. Nilitaka jambo moja tu, wale wawili wakae tena meza moja.

Basi, ndipo nikafika kwa huyo wa matusi. Alijiita Wingu Zito. Aliandika hivi: "Kibaraka wa matajiri wewe. Sema nani yuko nyuma yako. Na usikiegemee sana hicho kiti, mguu wa nyuma umeungwa kwa ndani."

Nikaivua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Mguu ule ulivunjika babu akiwa hai. Fundi aliuunga kwa kijiti, akaupiga msasa, akaupaka rangi. Hata uupapase vipi huoni palipoungwa. Aliyejua habari ile ni mimi, na fundi mwenyewe.

Sikumtaja. Nilimwambia mjukuu, "Huyu Wingu Zito mjibu vizuri."

"Huyu mwenye mdomo mchafu kuliko wote?"

"Huyo huyo. Swali lake si baya."

Kipaza akawa anakwaruza kucha. Mwisho akasema, "Kweli Bibi, hata mimi sijui jibu lote." Akampigia yule mama wa mfuko, akaweka sauti ya juu nami nisikie.

"Samahani mama, nyuma yenu kuna nani?"

Yule mama hakuzunguka. Alisema fungu kubwa linatoka kwa tajiri mmoja wa ng'ambo aliyefiwa na kaka yake kwa sigara, na fungu jingine kwa kampuni inayotengeneza ubani wa kutafuna wa kuachia sigara.

"Yaani watu wakiacha vepu, hao wanauza ubani?"

"Wanauza, ndiyo."

"Nitalisema hilo kwenye video."

"Mwanangu, hakuna anayekulazimisha."

"Na anayenikataza?"

Yule mama akacheka. "Hakuna."

Jioni ile Kipaza alilisema lote, tajiri na ubani, bila kupepesa macho. Akaongeza, "Sasa mnajua. Nisikilizeni au msinisikilize, ila msichana aliyetetemeka mbele yangu hakulipwa na mtu." Pale aliposema ubani, akaegemea, na kiti kikatoa mlio, kwiiii, ukaingia kwenye video. Nilijisikia kama mtu aliyevishwa nguo mpya. Binti mdogo vile, na anaweka mambo yake mezani kila mtu aone.

Wengine walimcheka, wengine walimpa heko. Wingu Zito hakuandika neno.

Jumapili, mlango ukagongwa. Mwanangu kasimama na mkoba wa vifaa.

"Shikamoo Mama. Kiti kinalia."

"Marahaba. Umekisikia wapi, na wewe huji?"

Akajikuna shingo, akapita, akakipindua kiti, akaushika mguu ule ule wa nyuma. Kipaza akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Shikamoo Mjomba. Kumbe ndiye wewe uliyeniita kibaraka?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Na lile kundi lenu la mtandaoni, lenye picha nzuri nzuri, nani anawalipia?"

Fundi akapuliza vumbi kwenye tundu la kijiti kwa muda mrefu kuliko vumbi lilivyohitaji. "Mwenye duka la vepu. Naye anapewa na wenye kiwanda."

"Mbona hamsemi?"

"Hatujaulizwa."

"Nimeuliza."

"Basi nitasema. Mpwa wangu ameweza, mimi nishindwe nina ndevu?" Akapaka gundi, akabana mguu kwa kamba. Kazi yake ni safi, hata tone halikudondoka kwenye zulia.

Kipaza akachuchumaa karibu naye. "Sasa Mjomba, si ungekuja kunigombeza hapa hapa, ukala na wali?"

Alikaza fundo la kamba, akaendelea kulishika ingawa lilishakaza.

"Baba alipokufa kwa kikohozi kile cha sigara," akasema, "sigara niliziacha siku ya mazishi, nikashika vepu hii. Najua si dawa. Najua nayo ina yake. Lakini sigara sijagusa tena. Wewe ukawa unawapongeza watu baki kila jioni, umekalia kiti cha baba. Nilitaka mara moja tu, mmoja wenu humu ndani, aniambie hongera."